Mlolongo wa Chui

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa na nini?

—Na Chui, chama chake Makucha!

Haya, sogeeni. Na aliye nyuma yako, usigeuke kumtazama bado.

Bonde la Mawe lilifanya uchaguzi kila masika, na mshindi alipewa kisima. Wanyama wanaokula nyasi walikuwa na chama chao, wanaokula mizizi chao, hawapatani asilani. Kura zilikuwa kokoto kibuyuni. Tu! Tu! Tu! Chui akashinda. Masika mengine, tu! tu! tu! Chui akashinda tena, hata kwa kokoto za wale aliokwisha kuwala.

"Swala si amekufa?" wakauliza.

"Yuko safarini," Chui akajibu huku akijilamba. "Kura yake kaniachia mimi."

Pimbi, kinyama kidogo cha majabalini, mkewe naye alikuwa "safarini". Alibakiwa na mtoto mmoja tu. Chui akishinda tena, huyo naye angesafiri. Pimbi aliogopa sana, na hofu ikampa akili.

"Mzee Chui, kibuyu kina giza. Tubadili mfumo. Tupange mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya mgombea wake."

Chui akacheka, hu! hu! "Nimjue asiyenifuata? Nimekubali!"

"Ila wote tutazame kisimani, mtu asigeuke mpaka hesabu iishe. Na walioko safarini waitwe majina."

"Waite tu. Nitawaitikia mimi."

Siku ikafika. Jua la utosi, hakuna upepo, ndege kimya. Vile vyama viwili, sasa kwa kuwa kila kichwa kinaonekana na hakuna aliyetaka kuonekana amejitenga, vikasimama pamoja nyuma ya Pimbi, mgombea wao. Kumi na wawili. Nyuma ya Chui, hakuna kitu.

Pimbi alikuwa amefunga mifupa saba kwenye kamba, kaificha majanini nyuma ya Chui. Akaivuta kwa mguu, akaita, "Swala!"

Kabla Chui hajaitika: kaka-raka, kaka-raka. Kitu kikasimama nyuma yake.

"Nungunungu!" Kaka-raka.

"Mke wangu," Pimbi akaita. Kaka-raka, polepole.

Akaita mpaka majina yote ishirini na saba yakaisha. Manyoya ya Chui yakasimama. "Nani yuko nyuma yangu?"

"Wapiga kura wako, Mzee. Umeshinda! Ishirini na saba kwa kumi na wawili. Geuka uwashukuru."

Chui akageuka. Hakushukuru mtu. Alitimua mbio, na kaka-raka, kaka-raka ikamfuata mpaka ng'ambo ya kilima. Wengine walipogeuka, waliona vumbi tu. Wakanywa maji.

Jioni Pimbi akaenda kukusanya kamba yake. Akaikuta imenasa jiweni. Mifupa yote saba iko palepale, haijasogea hata shubiri.

Pimbi akambeba mwanawe, akaingia pangoni.

Funzo? Msibadili mfumo, wanangu. Wakati wa kibuyu wafu walipiga kura, wakalala zao kwa amani. Na masika yajayo mpeni Fisi. Yeye hula mpaka mifupa, habakishi wa kuitika.

Ngano yangu naifunga hapa. Sasa geukeni, mmoja mmoja, mniambie mko wangapi.