Kipande Alichokililia Bi Nakiete

Palitokea tajiri mmoja, Bwana Senzighe, asiyewahi kushika jembe, lakini kila mwanamke alipomaliza kufyeka shamba, yeye alikuja kulipora. Zamu ikamfikia Bi Nakiete.

"Una vipande viwili. Kimoja changu."

"Chukua cha mlimani, bwana," Nakiete alisema, akaangua kilio. "Cha bondeni niachie. Tazama kilivyo kijani."

"Hichohicho ndicho nitakacho."

"Basi apa mbele ya wazee kwamba cha mlimani hutakigusa."

Akaapa, akalima bonde lote kwa trekta, akapanda mahindi. Mvua iliponyesha, ndago zikayameza. Akarudi akitweta.

"Hili gugu lilikuwepo?"

"Ndicho kijani ulichokitamani, bwana. Ndago ukiikatakata mizizi kwa trekta, inazaana. Aliyewahi kupalilia haambiwi."