Difu Moja, Ahadi Tatu

Sogeeni karibu na moto, wakubwa na wadogo. Kisa hiki nitakisimulia mpaka mahali fulani, halafu nitawaachia nyinyi. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, asije akasema hakusikia mwanzo.

Kule juu Makete, ambako mwezi wa sita sakitu, ule umande ulioganda, inalala juu ya majani ya viazi kama chumvi iliyomwagika, palikuwa na kijiji chenye lori moja. Lori lenyewe lilikuwa mali ya kikundi cha wakulima. Ndilo lililoshusha viazi sokoni, na mtu akizidiwa, ndilo lililomshusha hospitali. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Oresta, lakini wote walimwita Mama Vaileti, kwa jina la binti yake.

Watu watatu waliishi kwa lori hilo, kila mmoja na kipaji chake. Mzee Ndelwa, dereva wa kwanza, alikuwa na mguu mwepesi. Akikanyaga mafuta, hata kuku aliyelala juu ya magunia haamki. Sigala, dereva wa pili, alikuwa na akili ya haraka. Gari likikwama, wenzake bado wanashika kichwa, yeye keshaona njia. Mbwilo hakuwa dereva. Yeye alikuwa na mikono isiyoogopa kitu, na ndiye aliyelala kwenye tope chini ya lori kutia mawe na kufunga minyororo kwenye matairi.

Basi difu ikaanza kulia. Difu, kwa asiyeijua, ni lile fundo la chuma katikati ya matairi ya nyuma, linalogawa nguvu ya injini huku na huku. Difu ya kawaida ina tabia mbaya. Tairi moja likipata utelezi, nguvu yote inakimbilia huko huko. Hilo linazunguka bure, na mwenzake aliye pagumu ametulia tu kama mgeni.

Fundi wa mjini aliwapa njia tatu, na mfuko wa kikundi ulitosha moja.

"Mimi nataka ile inayojibana yenyewe," alisema Mzee Ndelwa kwenye mkutano. "Tairi likianza kuteleza, inalizuia taratibu. Dereva hagusi kitu. Hiyo nyingine ya kufunga kwa kitufe, matairi yote mawili yanakuwa kitu kimoja. Ukisahau kuifungua ukafika kwenye lami, kona inakukatalia, unakwenda bondeni. Na mimi siku hizi nasahau, msinicheke."

"Mzee, juzi ulitafuta kofia ukiwa umeivaa," alisema Sigala, na watu wakacheka. "Lakini hiyo yako, tairi likining'inia hewani, haina cha kubana. Pale kwenye korongo la njia ya mjini tutakwama usiku kucha na wagonjwa wetu. Mimi nataka ya kufunga. Mkileta hiyo ya mzee, tafuteni dereva mwingine."

"Na mkileta ya Sigala, ufunguo huu hapa," alijibu Ndelwa. "Sitaki kuua watu uzeeni."

Mbwilo alikuwa amekaa juu ya koleo lake. "Mnaongea vyuma tu. Tengenezeni hii ya zamani, hela inayobaki mnunue minyororo mipya. Mkijaza mavyuma ya kujiendesha, mimi nikale wapi?"

Kikundi kikamwambia Mama Vaileti aamue yeye. Akasema atafikiri. Ila kabla hajamaliza kufikiri, Vaileti akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Mkunga akatoka nje akifuta mikono, akasema, "Huyu ni wa hospitali. Na msichelewe."

Wakaondoka alfajiri na difu ile ile inayolia. Mbele alikaa Ndelwa kwenye usukani, Vaileti na mama yake. Sigala na Mbwilo walipanda nyuma.

Walipofika kwenye mgongo wa mlima, barabara ilikuwa imeinama upande wa bonde, nyeupe tupu kwa sakitu. Ndelwa akasimamisha gari. "Mama Vaileti, hapa ni kioo. Tusubiri jua."

Vaileti alikuwa ameng'ata khanga. Mama yake akamwinamia dereva sikioni. "Nivushie mwanangu, mzee. Ukinivushia, chini ya lori hili kitafungwa unachotaka wewe. Mungu ananisikia."

Mzee Ndelwa akavua buti, akabaki na soksi, ili mguu usikie pedali. Akaingia kwa gia nzito, mafuta ya kunusa tu. Mara moja mkia wa lori ulianza kwenda bondeni. Hakukanyaga breki. Akaachia mafuta, akangoja, ukarudi wenyewe. Wakavuka.

Mbele kulikuwa na korongo lililokula nusu ya barabara. Lori likaingia likajipinda, tairi moja la nyuma likabaki hewani. Ndelwa alijaribu, likazunguka kama feni. Akashuka, akasema mguu wake umeishia hapo. Sigala akapanda, akashika usukani, lakini hakuwasha.

"Unangoja nini?" Mama Vaileti akamuuliza.

"Najua la kufanya. Nibane breki huku natia mafuta, tairi la hewani lilemewe, lile la chini liamke. Lakini ekseli ikikatika, tumekwisha sote, na mtasema ni Sigala."

Mama Vaileti aliangalia nje. Ndelwa alikuwa mbali, anatazama tairi. Akatoa maneno yale yale: nivushie mwanangu, kitafungwa unachotaka wewe.

Sigala akawasha. Mguu mmoja breki, mwingine mafuta, injini inanguruma, breki zinanuka kama nywele zinazoungua. Tairi la hewani likapunguza mbio. La chini likashtuka, likauma ardhi. Lori likaruka nje ya korongo.

Jua lilikuwa limetoka sasa, sakitu imeyeyuka, na kilima cha mwisho kilikuwa uji mtupu wa tope. Lori lilipanda kidogo, likaanza kurudi nyuma. Mbwilo akaruka chini na jiwe, akalizuia. Akatoa minyororo. Mmoja ulikuwa umelika kwa kutu, hauwezi kufungwa bila mtu kuushikilia wakati tairi linageuka. Akasimama tu, anautazama.

Mama Vaileti akamfuata ndani ya tope. "Mbwilo, baba, vipi?"

"Jiwe likiteleza, lori linanilalia. Nina watoto, mama."

Kwa mara ya tatu akaahidi, na mara hii alikuwa analia. Mbwilo akavua sweta, akalala chini. Sigala akagusa mafuta kidogo, mnyororo ukashika, lori likapanda kilima chote bila kusimama. Huko juu wakageuka, wakamwona Mbwilo anakuja kwa miguu, mkono ameuzungushia sweta. Vidole viwili vilikuwa vimesagika. Hakuwa amepiga kelele, eti asimtishe dereva.

Walipofika hospitali, Vaileti alipasuliwa saa hiyo hiyo, akapata mtoto wa kike, wote wazima. Daktari alisema, "Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine." Na Mbwilo vidole vyake viwili vikabaki huko huko hospitali.

Difu nayo ilikatika pale pale mjini, ikabidi lori livutwe mpaka kwa fundi. Siku ya Vaileti kuruhusiwa, wote wakakutana huko. Difu mbili zilikuwa juu ya gunia, na pembeni yake gia za kutengenezea ile ya zamani pamoja na minyororo mipya.

"Mama, ahadi yako," alisema Ndelwa kwa upole, akionyesha ile inayojibana.

Sigala akageuka. "Ahadi ipi? Ahadi aliniahidi mimi."

Mbwilo aliinua tu mkono wenye bandeji.

Mama Vaileti alijisikia kama amevuliwa nguo mbele ya watu. "Mlitaka nifanye nini?" akasema. "Mtoto alikuwa anafia mapajani mwangu. Hata shetani ningemwahidi."

"Hatukulaumu," alisema Ndelwa. "Lakini bila mimi mngekuwa bondeni."

"Na bila mimi mngekuwa korongoni mpaka leo," alisema Sigala. Kisha akashusha sauti. "Mbwilo, ndugu yangu, pole sana. Lakini minyororo sasa utaifunga kwa mkono gani?"

"Huu mwingine," alisema Mbwilo. "Au na wenyewe mnautaka?"

Mama Vaileti akavitazama vile vyuma juu ya gunia. Mgongo wa mlima ulitaka upole, korongo lilitaka difu ya kufunga, kilima kilitaka minyororo, na barabara ya kurudi ni ile ile moja. Pale mlangoni Vaileti alikuwa amesimama, amemfunika mtoto shuka mbili kwa baridi, anangoja kupelekwa nyumbani.

Fundi alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. "Mama, jua linakwenda!" akaita. "Nifunge ipi?"

Mimi nimefika pale nilipowaambia nitafika. Lori liko juu ya jeki, mtoto amelala, na wanaume watatu wanamtazama mama mmoja mdomoni. Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, anza wewe. Ungemtimizia nani? Na hao wawili wengine, njia nzima ya kurudi mlimani, ungewatazama vipi usoni?