Sindano Mia Moja na Arobaini

Sikilizeni basi, na mwenye ajira asinikatize.

Palikuwa na vijana watatu huko Taita, wote wana degree, wote wanalala kwa mama zao. Mghoi alijaliwa mdomo: angefanya hata jiwe lipige umbea. Mwadime alijaliwa kichwa cha hesabu. Wakesho hakuwa msemaji. Alijaliwa sikio linalosikia hata kile mtu anachokimeza.

Mradi fulani ukawachukua kwa mwezi mmoja. Kulikuwa na sindano mpya ya kupanga uzazi, ambayo mwanamke anajidunga mwenyewe nyumbani. Ziletwe ngapi kijijini? Wakapita mlango kwa mlango, wanawake mia nne. Waliosema "nataka" walikuwa tisa. Tisa! Na wewe ungesema nini, mume kasimama mlangoni, mama mkwe anachambua mboga papo hapo?

Meneja akapiga simu. "Tisa? Hata mafuta ya gari hayarudi. I'm closing that village, nakifunga."

Mghoi akawaka. Akahamia foleni ya kinu cha unga, mahali ambapo hutamwona mwanamume.

"Mama, huyu mgongoni wa ngapi?"

"Wa saba, mwanangu. Wa nane yuko njiani, na usiniulize kama nilimwalika."

Foleni ikacheka, ndimi zikalegea. Lakini wifi naye yumo humo humo kwenye foleni. Nani angeinua mkono?

Ndipo Mwadime akaleta mtungi, juu kitambaa. Anayetaka atie haragwe, asiyetaka atie punje ya hindi. Siku kumi, wanawake wale wale mia nne. Akahesabu mara tatu, kisha akaketi chini kama aliyepigwa ngumi. Haragwe mia tatu na kumi na mbili.

Wenzake wanarukaruka, Wakesho anawauliza akina mama, "Sasa sindano mtazificha wapi?"

Mama mmoja akasema polepole, "Vidonge vya mwenzangu vilikutwa chini ya godoro. Alirudi kwao na jino pungufu."

"Mimi pipa la unga," akasema mwingine. "Mume wangu hajaligusa tangu anioe!"

Mtungi ukazunguka tena: haragwe kwa mwenye maficho tu. Mia moja na arobaini.

Meneja akapewa hesabu, zikaletwa sindano hizo hizo. Zikaisha zote, na hakuna aliyepigwa.

Meneja akaja na tabasamu na mkataba wa kudumu. Mmoja! "Position ni moja. Andikeni jina kabla ya saa kumi, ama niirudishe Nairobi."

"Bila mimi mngemuuliza nani?" akasema Mghoi.

"Bila mtungi ungehesabu vicheko," akajibu Mwadime.

Wakesho akainua macho. "Bila swali langu mngegawa vipigo mia moja sabini na viwili."

Ni saa tisa na nusu. Nafasi ya jina iko wazi, na hakuna anayemtazama mwenzake. Msiniambie wagawane, meneja hataki. Haya, shika kalamu wewe: ungeandika jina la nani?