Sange na Wakubwa Wasiotaka Kutangulia

Hapo zamani za kale, enzi zile viboko walipokuwa wakienda mkutanoni na kofia kichwani, kulikuwa na nchi mbili za wanyama zilizotenganishwa na mto. Kila kiangazi nchi hizo zilishindana mbio za kulizunguka ziwa la magadi. Na kila kiangazi, wanangu, wa ng'ambo walishinda, maana walikuwa na Mbuni.

Upande wa huku mkimbiaji alikuwa Kongoni. Mnamjua Kongoni? Yule mwenye uso mrefu, ukimwona utadhani kapewa habari ya msiba. Miguu alikuwa nayo. Pumzi alikuwa nayo. Tumboni ndiko kulikokuwa hakuna kitu.

Aliyemfundisha mbio ni Sange, mnyama mdogo anayeenea kwenye kiganja, pua ndefu kama kaiazima kwa tembo. Kila asubuhi Sange alifagia njia zake, fya! fya! fya! Jani moja halikubaki. Ndiyo maana akikimbia humwoni, unasikia upepo tu.

Asubuhi moja Kongoni akamjia, akajitupa chini, puu!

"Dada Sange, mimi basi."

"Basi nini, mdogo wangu?" Alimwita mdogo wake ingawa yeye mwenyewe alimfikia kwenye kwato tu. Umri ni umri.

"Mwaka jana nilianguka nusu ya ziwa kwa njaa. Mwaka huu nikikimbia hivihivi, sirudi. Wa ng'ambo wameniita. Wanasema nikihamia kwao nitakula pamoja na Mbuni."

Moyo wa Sange ukamshuka. Alimpenda Kongoni kama ndugu wa tumbo moja. Akihama, nani atavicheka vichekesho vyake vibovu?

"Usihame," akasema. "Nipe siku ya leo tu."

Majani mabichi yalikuwapo, wanangu, tena tele! Nchi nzima ilikubaliana kwamba bonde la mtoni lihifadhiwe kwa ajili ya wakimbiaji, na mlinzi wake alikuwa Kiboko. Uwanda wa mazoezi ulikuwapo pia, ila kundi la Nyati lilikuwa limelala humo. Nyati ndiye aliyepewa kazi ya kuweka lengo, yaani kutangaza mwaka huu nchi inataka nafasi ya ngapi. Akishatangaza, kundi linapisha na mazoezi yanaanza.

Sange akaenda mtoni.

"Hodi, Bwana Kiboko!"

Bwabwabwabwa! Kiboko akaibuka, kofia inachuruzika maji.

"Naomba majani ya Kongoni, bwana."

"Lengo limewekwa?"

"Bado."

"Ala! Nitoe majani ya nchi bila lengo? Nikitangulia kutoa, halafu yule mwenye uso mrefu akaanguka tena, watasema nani kayafuja? Kiboko! Nenda kwa Nyati kwanza."

Chubwi! Akazama.

Sange huyoo, mpaka kilimani, juu ya ule uwanda, anakokaa Nyati.

"Shikamoo, Mzee Nyati. Tunaomba utuwekee lengo."

"Marahaba. Kongoni kashakula?"

"Bado."

"Mpff! Nimwekee lengo mwenye njaa? Nikitangulia kutangaza nafasi ya kwanza, halafu akawa wa mwisho, atachekwa nani? Nyati! Nenda kwa Kiboko kwanza."

"Mzee wangu, kwa nini msikutane mkaanza pamoja?"

"Mimi niteremke kwa yule? Aje yeye!"

Naye Kiboko kilima hakipandi. Kitambi hakimruhusu.

Sange akashuka, pua inamtetemeka kwa hasira. Ndivyo ilivyokuwa mwaka jana, ndivyo ilivyokuwa mwaka juzi. Wakubwa wawili wamesimama mlangoni, huyu anamwambia yule apite kwanza, na mtoto wa watu yuko nyuma yao anakufa njaa. Katikati ya njia akasimama ghafla. Hi hi hi! Akacheka peke yake, kisha akatimua mbio kurudi mtoni.

"Bwana Kiboko! Bwana Kiboko! Habari unayo? Nyati katangulia! Kaweka lengo: nafasi ya kwanza!"

"Weee! Nyati? Katangulia mwenyewe?"

"Mwenyewe, na pembe zake zote."

"Ha! ha! ha!" Kiboko akacheka mpaka mto ukafurika. "Basi Kongoni akianguka, lawama ni ya Nyati! Mlete ale. Ale mpaka aseme basi!"

Kongoni akaletwa. Kacha kacha, kacha kacha! Na alipokuwa bado anatafuna, Sange alishafika kilimani.

"Mzee Nyati, Kiboko katangulia! Tazama kule chini bondeni."

Nyati akatazama, akauona ule uso mrefu umezama kwenye majani. "Aa! Basi mambo yakiharibika, atachekwa Kiboko!" Akapaza sauti mpaka ng'ambo wakasikia: "Mwaka huu ni nafasi ya kwanzaaa!" Kundi likainuka, likapisha. Jua halijazama, Kongoni alikuwa uwandani anafanya mazoezi, na Sange mbele yake anafagia njia.

Kiangazi kikaiva, siku ya mashindano ikafika. Mwamuzi alikuwa Korongo, asiye wa nchi hii wala ile. Kiboko na Nyati wakakutana penye mstari.

"Nyati, hongera kwa kutangulia."

"Kutangulia? Mimi? Thubutu! Niliona kwanza majani yako yakiliwa."

"Nini?" Kofia ikamwanguka Kiboko. "Saaangeee!"

Sange akachomoka, lakini safari hii alichelewa. Pu! Kiboko akamkanyaga mkia.

"Umenidanganya! Kaa hapohapo. Kongoni akishindwa, wayo huu unapanda kutoka mkiani mpaka puani."

Korongo akalia, mbio zikaanza. Papapapa! Huyo Mbuni. Titititi! Huyo Kongoni. Vumbi likawameza wote wawili. Sange akatazama ng'ambo ya ziwa, pale Kongoni alipoanguka mwaka jana, na kwa hofu hata maumivu ya mkia hakuyasikia. Mara vumbi likapasuka, shingo ndefu ikatoka, na kando yake uso. Wakaja sawasawa, mguu kwa mguu, mpaka mstarini.

"Kongoni!" akapiga kelele Korongo. "Kashinda kwa urefu wa uso!"

Nchi ikalipuka kwa vigelegele. Korongo akainua bawa. "Mbio hizi zimeandaliwa vizuri. Aliyetangulia kuziandaa aje akae kando yangu, kwenye kiti cha heshima. Ni nani?"

"Mimi!" akasema Nyati.

"Mimi!" akasema Kiboko.

"Nilitangaza lengo nchi nzima imelala!"

"Nilitoa majani hata sijaombwa!"

Sange akatoa sauti nyembamba kutoka chini ya wayo. "Samahani, Bwana Kiboko, kabla hujaenda kitini. Si umesema nilikudanganya?"

"Sana!"

"Basi mweleze Korongo, wote wasikie, kwamba majani uliyatoa kwa kudanganywa. Sifa atapewa aliyekudanganya. Na kama hukudanganywa, hebu inua mguu, bwana."

Kiboko akamtazama Korongo. Akakitazama kiti. Akautazama umati. Taratibu, taratibu, akainua mguu.

"Huyu?" akasema kwa sauti kubwa. "Huyu hajawahi kunidanganya hata siku moja."

Wakabanana kwenye kiti kimoja, Kiboko na Nyati, kila mmoja kabakiwa na nusu ya makalio hewani. Kongoni akaja anahema, akainama mpaka pua yake ikagusana na ya Sange.

"Bado unahama?" Sange akauliza.

"Nihamie wapi, dada? Njoo tukale."

Wakashuka bondeni, na mlinzi, aliyekuwa bado kitini, hakuuliza kitu. Hadithi imeishia majanini, nami nasema hivi tu: aliyeikimbia lawama ya kutangulia asiipiganie sifa yake.