Kibanda cha Sange na Vitumbua vya Matope

Paukwa!
— Pakawa!
Kulikucha?
— Kukanyesha!
Mkakaa?
— Tukasikia njaa ya maneno!

Basi sogeeni, na mwenye miguu mirefu aikunje. Mvua imetufungia hapa barazani, vitumbua vyangu vimebaki nusu ungo, na mteja haonekani hata wa kuuliza bei akaondoka. Wanasema anayesimulia ngano mchana huota mkia. Na uote. Kwa umri huu mkia hautanizuia kuolewa.

Mwanakombo, mjukuu wangu, weka hiyo simu. Najua una kibanda chako humo kwenye mchezo, unauza samaki wasionuka kwa watu wasiokuwepo, na jana ulinitambia kwamba una wateja arobaini. Mimi bibi yako nina wateja wanne, na mmoja ni mbuzi. Sikiliza habari za kibanda cha mchezo kilichotangulia chako.

Hapo zamani, masika moja, mto ulivimba ukameza bonde zima. Wanyama wakakimbilia kilima kimoja. Kilima kidogo, wanyama wengi. Wakaona wakianza kulana hapatabaki wa kusimulia, wakawekeana ahadi: kilimani hakuna jino, hakuna pembe, hakuna kusukumana. Atakayevunja ahadi, Nyati atamtia majini. Nyati alikuwa mmoja tu, lakini alitosha.

Siku ya kwanza wakatazama maji. Siku ya pili wakatazama maji. Siku ya tatu wakachoka kutazama maji, ndipo Kobe akasema, jamani, tucheze mji.

Kila mmoja akachagua maisha. Kobe akawa mwenyekiti wa mji, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka ya kutawaliwa. Kanga akawa askari, akapiga filimbi kutwa nzima, pri, pri, pri, bila kumkamata mtu. Nyati akataka kuwa bibi harusi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini. Pesa zao zilikuwa komwe, zile mbegu za kuchezea bao.

Sange akasema yeye atafungua kibanda. Mnamjua Sange? Mnyama wa kimo cha panya, miguu kama njiti, pua ndefu kama ameiazima kwa ndovu. Alikaa juu kabisa ya kilima, kwenye shimo alilochimba Muhanga zamani akalihama. Kilima kizima, shimo kavu lilikuwa hilo moja tu. Humo ndimo alimolala na wanawe wawili, mapacha waliozaliwa wiki ile ile, na mlangoni palikuwa na jiwe bapa. Jiwe likawa kibanda.

Akauza vitumbua vya matope, kimoja kwa komwe moja. Kitumbua cha tope mtu hali. Anakinunua, anakisifu, anakwenda kukitupa nyuma ya kichaka, kisha anarudi kupanga foleni. Na foleni ilikuwa ndefu, maana Sange alifagia njia ya kuja kwake asubuhi na jioni, akamwita kila mteja kwa jina, akauliza mguu unaendeleaje, na ukinunua viwili alikuongezea kidonge kidogo cha nyongeza. Mimi ninayeuza nawaambia, hiyo nyongeza ndiyo biashara yenyewe.

Kobe akaweka sheria za kibanda. Aketiye nyuma ya jiwe ndiye mwuzaji, na kibanda ni chake. Apigaye magoti mbele ya jiwe ndiye mteja. Malipo yanawekwa chini, mbele ya jiwe, wote wayaone. Mteja akiweka komwe, Sange alinyoosha pua yake, fyup, akaivuta bila hata kunyanyuka.

Sasa palikuwa na Ngiri. Pembe mbili za mdomoni, tumbo moja la watu sita. Shingo yake fupi, miguu yake mirefu, ndiyo maana akila hupiga magoti ya mbele na kuacha matako juu. Yeye hakuchagua maisha yoyote. Alisema michezo ni ya watoto. Alilala mvuani akinung'unika, guru, guru, guru, na jicho lake moja likitazama lile shimo kavu.

Siku moja Sange akaenda na wanawe kuchota tope. Aliporudi akamkuta Ngiri ameketi nyuma ya jiwe, matako ameyashindilia shimoni kama kizibo, uso nje.

"Bwana Ngiri," akasema Sange, "hapo ni kwangu."

"Hapo ni kwa aketiye," akasema Ngiri. "Si mmesema wenyewe? Mchezo ni mchezo."

Kobe akaitwa. Akaingiza kichwa, akafikiri, akatoa kichwa. Akasema sheria ndivyo ilivyo, na kwamba moyo wake unamuuma. Nyati akasema hakuna aliyesukumwa, naye hawezi kumtia mtu majini kwa kosa la kuketi. Kanga akapiga filimbi, pri.

Usiku ule Sange na wanawe wakalala mvuani. Na usiku wa pili vilevile. Yule pacha mdogo akaanza kukohoa, kho, kho, kikohozi chembamba cha kitu kisicho na nyama mwilini. Sange akalia. Nasema akalia, maana wengine wakisimulia wanyama wajanja huwafanya kama hawana machozi. Alimfunika mtoto kwa jani, jani likalowa, akatafuta jani lingine. Alijua kwamba baada ya siku tatu nne za baridi ile atabaki na mtoto mmoja.

Huku Ngiri akiuza. Lahaula, uuzaji gani ule. Aliwakaripia wateja, akapandisha bei, akauza kitumbua chenye kokoto. Foleni ikaisha. Yeye hakujali, maana hakutaka biashara, alitaka kulala pakavu. Ila jambo moja lilimtesa. Majani yote yaliyo karibu na kibanda yalikuwa yamekwisha, na akitoka kwenda kula, kibanda ni cha aketiye. Basi akakaa na njaa yake. Tumbo likaunguruma mpaka Nyati, bibi harusi wetu, akadhani ni radi.

Siku ya tatu asubuhi Sange akafuta machozi, akaanza kufagia njia ile ile ya zamani. Nami nataka mniitikie:

Fya, fya, fya, nafagia!
— Unafagia kwa nani?
Kwa aketiye!

Alikuwa amechimba usiku kucha ukingoni mwa maji, akapata ndago moja. Ndago mnazijua, vile vidonge vitamu vya chini ya majani, na Ngiri kwa ndago ni kama sisi kwa pilau. Sange akapiga magoti mbele ya jiwe kwa adabu zote, akaomba kitumbua kimoja, akaweka ndago chini kama malipo. Akachukua tope lake akaenda zake.

Ngiri akanusa, fnn, fnn. Akanyoosha shingo, haikufika. Akanyoosha ukwato ili aivute, akaigusa kwa pembeni, nayo ikabingirika mteremkoni, gulu, gulu, gulu, mpaka majini, chubwi. Ngiri akaitazama ikizama. Karibu atokwe na machozi.

Siku ya nne asubuhi:

Fya, fya, fya, nafagia!
— Unafagia kwa nani?
Kwa aketiye!

Sange akaweka ndago tatu. Safari hii Ngiri akamwambia amtilie mdomoni. Sange akainamisha macho akasema hathubutu, mteja na mdomo wa mwuzaji wapi na wapi, watu watasema nini. Ngiri akamwita askari amsogezee. Kanga akaja mbio, akazitazama zile ndago tatu, akazisogeza zote tatu kooni mwake. Akapiga filimbi, pri, akaenda zake.

Mjini wakaanza kumsema Sange. Tumbili akasema mama yule amechanganyikiwa, ananyang'anywa nyumba na bado anampelekea mnyang'anyi chakula, huku mwanawe anakohoa. Sange akasikia, akaendelea kuchimba. Alikuwa hajala tangu juzi. Kila ndago aliyoipata aliificha chini ya jani, na pacha mdogo alikuwa hakohoi tena, amenyamaza tu, na ule ukimya ulimtisha mama yake kuliko kikohozi.

Siku ya tano akaenda nyumba kwa nyumba, akawaambia watu wote kwamba leo kibanda kinafunguliwa upya, waje wapange foleni, na mwenyekiti awe wa mbele. Wakaja wote, maana mvuani mtu atafanya nini. Akafagia mbele yao:

Fya, fya, fya, nafagia!
— Unafagia kwa nani?
Kwa aketiye!

Akapiga magoti. Akaomba kitumbua kimoja tu. Halafu akafunua jani, akamwaga ndago chini mbele ya jiwe, nyingi, chungu nzima, zimeoshwa, zinanukia. Akarudi nyuma hatua moja.

Ngiri akazitazama. Akatazama pembeni. Akazitazama tena. Tumbo likasema guru. Akajiambia, nitatoka nusu tu, matako yabaki shimoni. Akanyoosha shingo, haikufika. Akasogea kidogo, haikufika. Tumbo likasema guruguru. Akasogea tena, plop, kizibo kikachomoka. Na hapo hapo, mbele ya jiwe na mbele ya mji mzima, magoti yake mawili ya mbele yakashuka chini, ti! Akaanza kutafuna, kau, kau, kau, macho ameyafumba kwa utamu.

Alipoyafumbua, Sange alikuwa hayupo mbele ya jiwe. Alikuwa amepita chini ya tumbo lake, wanawe nyuma yake. Mapacha wamo shimoni, pakavu. Mama yao ameketi nyuma ya jiwe, pua juu.

"Karibu, mteja," akasema Sange. "Vingapi?"

Ngiri akataka kusimama, lakini foleni nzima ilikuwa imeshaona. Akasema yeye alikuwa anakula tu.

Kobe akaingiza kichwa, akafikiri, akatoa kichwa. "Sheria imetaja magoti," akasema. "Haikutaja mdomo."

Ngiri akageuka kumtazama Nyati. Nyati akasema hakuona jino, hakuona pembe, hakuona kusukumana, ila kama Ngiri anataka kuanza yeye, maji yapo. Ngiri akasema basi, ule ulikuwa mchezo tu, na nyumba ya mtu haiwezi kuchukuliwa kwa mchezo.

"Mchezo ni mchezo," akasema Sange.

Mji ukalipuka kwa vigelegele. Hata Kanga alisahau filimbi akacheka kwa mdomo mtupu. Sange akanyanyua mkono wake wa kijiti, wakanyamaza. Akauliza, je, mheshimiwa mwenyekiti, malipo yaliyo mbele ya jiwe ni ya nani? Kobe akasema ni ya mwuzaji. Sange akauliza mwuzaji ni nani. Haya, semeni wenyewe:

— Aketiye!

Basi zile ndago zilizobaki akazivuta kwa pua, fyup, fyup, fyup. Akala mbili, maana njaa haina aibu. Zilizosalia, kila aliyenunua kitumbua cha tope siku ile alipewa na ndago moja ya nyongeza, ndago ya kweli, ya kula. Foleni ikazunguka kilima mara mbili. Tumbili aliyemsema vibaya alipanga mara tatu, na mara zote tatu Sange alimuuliza mguu unaendeleaje. Ngiri naye alinunua kimoja, maana mteja aliyekwisha kupiga magoti haondoki hivi hivi. Chenye kokoto, alichokikanda mwenyewe.

Akaondoka mbio, mkia umesimama wima. Mpaka leo Ngiri akikimbia mkia husimama, kutangaza kwamba kibanda kimefungwa. Na siku ya tatu tangu warudi pakavu, pacha mdogo alikohoa tena kwa nguvu, akalia kwa njaa, akamuuma mama yake titi, na Sange akacheka mpaka akagusa dari. Maji yalipokwenda, mji ukavunjika, komwe zikarudi kwenye bao, Nyati akavua shela. Lile shimo Sange hakulitoka.

Funzo la ngano hii ni nini? Funzo ni kwamba michezo haina faida yoyote, iacheni. La pili, mkubwa akiketi mahali pako, mheshimu, umpishe. La tatu, mali yako usimpe mtu nyongeza, utafilisika.

Ngano yangu nimeikunja, mwenye kuiona fupi aivute mwenyewe. Mvua imekatika. Ngojeni nipige magoti hapa niokote huu ungo kabla yule mbuzi hajafika.

Mnacheka nini?

Mwanakombo. Toka kwenye kigoda changu.

Ati vingapi? Ati vingapi, mimi bibi yako?

Haya. Viwili. Na nyongeza usisahau.