Kwa Nini Mbwa Humlaki Hata Aliyetoka Kumwaga Majivu

Zamani, milima ya Taita ilipokuwa bado imejitanda ukungu wa siku za uumbaji, mbwa alikuwa bahili wa salamu. Alipima. Mtu aliyerudi kutoka nyikani, alikokaa hadi mwezi ukafa na mwingine ukaandama, mbwa alimwinukia, akamnusa magoti na kutikisa mkia kwa heshima. Aliyetoka kwa jirani alitikisiwa ncha tu. Aliyetoka kisimani hakupewa kitu: mbwa alifumbua jicho moja, akaona ni yule yule wa asubuhi, akalifumba.

Wala watu hawakumlaumu, kwa maana nao walipima vivyo hivyo. Wazee wao waliwaachia desturi njema iitwayo kutasa: mwenye kinyongo hutia maji kinywani, au pombe ya miwa, akayapuliza nje kama manyunyu huku akinena maneno ya amani, na hasira yake hutoka pamoja nayo. Walijua kwamba hasira iliyofungiwa kifuani haikai bure. Humfuata yule iliyemkusudia na kumlemea njiani. Kwa hiyo hakuna aliyekwenda mbali kabla ya kutasiwa. Lakini kwa aendaye karibu, nani angejisumbua? Wa karibu atarudi. Ndivyo walivyosema, kana kwamba kesho ni mbuzi waliyemfunga kamba wenyewe.

Mghoi, mke wa Mwakio, alikuwa mwanamke mwadilifu, mwenye mikono safi na ulimi mkali. Binti yao Malemba alikuwa ameolewa ng'ambo ya kilima. Nyumbani walibaki wao wawili na mbwa waliyemwita Watasema, jina alilolichagua Mghoi ili majirani walisikie kila alipomwita. Asubuhi moja alikiendea chungu alimohifadhi mafuta ya mkia wa kondoo, akiba ya wakwe waliotazamiwa siku hiyo, akakikuta kimelala ubavu, kimerambwa mpaka kinang'aa. Watasema alikuwa amejinyoosha kando yake, masharubu yakimeta.

Mwakio alicheka. "Wakwe wakija, Mama Malemba, tutawaambia kuna mgeni aliyewatangulia."

"Cheka," alisema Mghoi. "Siku mbwa huyo atakapokusongea ugali, uje unieleze."

"Hawezi. Ataumaliza unga kabla maji hayajachemka." Mwakio akachukua jembe. "Nakwenda kuzibua mfereji. Nitarudi uji haujapoa."

Mghoi alimpa kisogo, akakoroga uji. Watasema naye hakuinua kichwa. Mferejini ni hapo tu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kilima kilikuwa kimeshiba maji. Uji ulikuwa haujafanya utando pale Mghoi aliposikia ngurumo isiyotoka mbinguni. Alitoka mbio. Palipokuwa na mfereji palikuwa na udongo mwekundu, mawe, na migomba iliyopinduka mizizi juu.

Majirani walikuja na majembe, wakachimba. Mghoi alichimba kwa mikono. Hakuuogopa udongo ule kama alivyokiogopa kilichokuwa kifuani mwake, maana hasira ya asubuhi ilikuwa haijatoka, na alijua ni nani iliyekwenda kumlemea. Akalia, "Ee Mlungu, uliyeifinyanga milima hii kwa mikono yako, usiniache na neno hili. Nimelifunga mwenyewe. Nipe nafasi ya kulifungua."

Watasema alikuwa amemfuata. Alizunguka juu ya maporomoko akinusa, akilia kwa sauti nyembamba ambayo hakuwahi kuitoa, kwa kuwa kipimo chake kilikuwa kimemsaliti: aliyekwenda karibu alikuwa mbali kuliko wasafiri wote. Kisha akasimama kando ya mwamba, chini kabisa, akaanza kufukua.

"Mfereji haukupita huko," alisema jirani yao, mzee Mwandoe. "Huyo ananusa panya."

"Mfuateni," alisema Mghoi. "Mafuta yangu aliyapataje, kama si kwa pua hiyo?"

Wakamfuata. Chini ya mwamba udongo ulikuwa umeacha uwazi mdogo, kama kiganja kilichokunjwa, na ndani yake alikuwemo Mwakio, amejikunyata, mguu umevunjika, anakohoa. Walipomtoa, mtu mmoja alikimbilia pombe ya miwa ili desturi itimizwe. Mghoi hakungoja. Aliinamisha jani la mgomba, akatia kinywani maji ya mvua yaliyotuama humo, akayapuliza juu ya kifua cha mumewe.

"Hasira yangu na itoke," alisema. "Ishuke na maji haya hadi bondeni, isiione njia ya kurudi. Uwe na amani, Baba Malemba."

Mwakio alitema udongo. "Uji umepoa?" aliuliza.

Watasema aliyaona hayo yote. Hakuwa na mkono wa kuinamisha jani, wala maneno ya kunena. Alikuwa na ulimi wenye majimaji. Basi akaja nao. Akamlamba Mwakio uso na mikono, akamgeukia Mghoi, akarudi tena kwa Mwakio, wala hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Wasema kwamba Mlungu, asiyedharau sadaka ya aliye mdogo, alitazama akapendezwa, akakiondoa kile kipimo moyoni mwa mbwa, asimrudishie tena.

Na tangu siku hiyo mbwa hajui karibu wala mbali. Toka nje ukamwage majivu, urudi mara moja. Atakujia kama umefufuka, mwili wote ukipinda kwa furaha, ulimi ukiutafuta uso wako. Nawe humsukuma, ukimwita mchafu. Anatasa huyo, ili pasibaki kitu kati yenu. Ole wetu sisi tuliopewa maneno, tunaoagana kwa kisogo.

Mghoi alikining'iniza chungu chake juu darini, lakini mbwa hakumsukuma tena. Hata uzeeni, kila aliporudi na kuni kutoka uani, aliweka mzigo chini, akainama, akaupokea ulimi ule usoni kama mtu apokeaye baraka. Kisha alisema, "Haya, Watasema, yametoka. Sasa niondokee mlangoni, uji unaungua."