Digidigi na Kupe wa Kila Mgongo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, mafiga yao na wakwe wa kuwasema, palikuwa na nchi iliyoitwa Mbigirini. Nchi hiyo ilizungukwa na msitu wa miiba, na kila kitu kizuri kilikuwa ng'ambo ya msitu: chumvi, dawa, habari, hata wachumba. Mababu walijua kupenya wenyewe. Kisha wakatokea wabebaji, wakasema, "Pandeni migongoni, mnajichosha bure." Wanyama wakapanda. Wakapanda mpaka wajukuu wao wakawa na miguu mizuri lakini njia hawaijui hata moja.

Huo ndio ujinga wa kwanza wa hadithi hii. Tulieni, upo mwingine.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Digidigi, mjane mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu na wa akili. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Siwatu. Sasa Siwatu akashikwa na homa. Akalala ubavu, shingo imelegea, anakataa hata ziwa. Dawa ya homa ile ilikuwa kwa mganga Nungunungu, ng'ambo ya msitu.

Mtauliza, si aende tu akachukue? Ngojeni niwaeleze kilichomshika Bi Digidigi roho.

Jirani yake, Bi Pimbi, naye aliwahi kuuguliwa na mtoto. Alipanda mgongo wa Nyati, akasema njiani kwamba anafuata dawa ya kifua, mtoto wake yu hoi. Aliporudi na dawa yake mkononi alimkuta Fisi ameketi mlangoni, ndevu zinang'aa mafuta, anampa pole. Mtoto hakuwepo tena. Bi Pimbi alipiga yowe mpaka sauti ikakauka. Alijiuliza nani aliyemwambia Fisi, na majirani wakamwambia ni mapenzi ya Mungu.

Bi Digidigi hakuamini kwamba Mungu anafanya kazi na Fisi. Akaanza kuchunguza.

Basi, huyo Nyati alikuwa mbebaji wa siku nyingi. Ujanani alikuwa mwembamba. Ukimpanda, pyuu, umefika! Kila mtu akamkimbilia, na hapo ndipo alipoharibika. Kwanza akaweka kibanda mgongoni, eti abiria wasichomwe na jua. Kisha akaweka ngoma. Kisha muuza mihogo akapanda, na Kasuku wa kutangaza bidhaa. Ukitupia jicho chungu kimoja sokoni, mwezi mzima Kasuku anakupigia kelele za vyungu sikioni. Kila kona Tumbili alishuka kutoka kwenye kibanda na kukuuliza kama unakubali. Ukisema hukubali, anauliza tena. Ukisema unakubali, anashukuru na kupotea, wala huambiwi umekubali nini.

Na ulaji wake! Masurufu ya safari nzima Nyati aliyamaliza kabla ya kilima cha kwanza, halafu akalala katikati ya njia, puu, akisema anajitengeneza upya. Akiamka, pembe zimepakwa rangi nyingine na miguu ni mizito kuliko jana.

Bi Digidigi alimtazama vizuri, akaona jambo ambalo wengine walilizoea. Kwenye mikunjo ya shingo ya Nyati palikuwa na kupe. Walikuwa wengi, wa kijivu, wametulia kimya. Wengine wote mgongoni walipiga kelele, wale walisikiliza.

Akamuuliza Nyati kwa nini hawatoi.

"Hawa ni utani wa Fisi," Nyati akajibu. "Mimi na yeye ni watani tangu mababu. Kila nikipita kwake ananipachika. Na mtani, shemeji yangu, hakasirikiwi."

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Fisi alikuwa mtani wa kila mbebaji, na kwa mila ya Mbigirini mtani akikuchukulia kuku utacheka, akikumwagia maji utacheka. Nyumba yake ilikuwa pale njia inapoingia msituni, na kila mbebaji alisimama hapo kutaniwa. Fisi alimkumbatia, akamwita mjinga, akampapasa shingo, akawachambua kupe walioshiba mmoja mmoja kama mtu achambuaye karanga. Aliwaweka sikioni, nao wakamnong'oneza yote waliyoyasikia mgongoni. Kisha akabandika wengine wenye njaa, na wote wakacheka.

Kwa hiyo Bi Digidigi akaamua kuhama mgongo. Akaenda kwa Punda Milia.

Huyo alikuwa mpya katika kazi. Hakuwa na kibanda wala Kasuku. Alijisifu waziwazi kwamba yeye ni mwepesi, msafi, na anatunza siri za abiria wake kama za mama yake mzazi. Bi Digidigi alipanda akiwa na matumaini mpaka machozi yakamlengalenga. Tif, tif, tif, wakaenda vizuri sana. Walipofika kwa Fisi, Punda Milia akasimama.

"Mbona tunasimama?" akauliza Bi Digidigi.

"Namsalimu mtani tu. Hatuchelewi."

Bi Digidigi aliinama akapekua manyoya ya shingo ile safi. Chini ya mstari mweusi, mahali ambapo jicho halifiki, kupe walikuwamo. Alishuka, akarudi nyumbani mikono mitupu. Siwatu alikuwa amezidiwa.

Kesho yake akamwendea Kongoni, ambaye sifa yake ilikuwa kusema kweli. Kongoni alimsikiliza, akainamisha uso wake mrefu.

"Mama Siwatu, sitakudanganya," akasema. "Hatamu hii niliazima kwa Fisi. Njia alinifundisha Fisi. Sote ndivyo tulivyo. Tunatofautiana rangi tu."

Ukweli ule ulimuuma kuliko uongo wa Punda Milia. Kumbe kuchagua kote kule, huyu mnene, huyu msafi, huyu mkweli, alikuwa akizunguka ua wa mtu mmoja. Aliketi kando ya mtoto wake akamkanda kwa maji, na hasira ikampanda taratibu mpaka ikageuka kuwa shauri. Kama kupe hawazuiliki kusikia, basi na wasikie.

Alirudi kwa Nyati. Akachagua kuketi karibu kabisa na shingo. Tumbili akaja kumuuliza kama anakubali, akajibu kwa furaha kwamba anakubali yote, ya leo na ya kesho. Kisha akamwinamia Nyati sikioni, akanong'ona kwa ile sauti ya kunong'ona inayofika kwa jirani.

"Usimwambie mtu. Nimetumwa dawa na nyumba ya Simba."

"Ya Simba?" Nyati akashtuka.

"Hawezi hata kuinua mkia. Yuko peke yake pangoni, ndugu zake wamejificha kwa aibu. Sijui kama jua la leo litamwacha."

Kupe walijaa, wakavimba, wakawa kama zabibu.

Walipofika kwa Fisi, utani ukaanza kama kawaida. Fisi alimwita Nyati kapu la mavi, akampapasa, akachambua. Akaweka kupe wa kwanza sikioni, akatabasamu. Akaweka wa pili, udenda ukamtoka, chururu. Hakungoja wa tatu. Aliwaita shemeji zake wote, wakafunga milango, wakatimua mbio kuelekea pango la Simba. Maana mila inasema, mtani ndiye wa kwanza kufika msibani, na ndiye anayechukua apendacho kwa marehemu.

Bi Digidigi aliwatazama wakitokomea. Kwa mara ya kwanza tangu Siwatu augue, alipumua mpaka chini ya tumbo. Mlangoni kwake leo hapakuwa na wa kukaa.

Nyati alijikongoja mpaka ng'ambo. Nungunungu akampa Bi Digidigi gome la dawa. Akamweleza kwamba likichemshwa mtoto atatoka jasho, na akitoka jasho amepona. Wakiwa bado wanaagana, Kunguru akatua kwenye soko la ng'ambo, mbele ya mlango wa Nungunungu, anahema, ana habari, na Kunguru akiwa na habari haombwi.

Alisimulia hivi. Fisi alifika pangoni akakuta kimya. Akasema mzee amekwisha. Akaanza utani wa msibani kwa bidii zote: akalala kwenye malazi ya Simba, akalegeza ulimi, akajifanya ndiye Simba anayekata roho, analia anaita mama. Shemeji zake wakacheka mpaka wakaanguka. Akainuka, akatembea kwa kuchechemea huku akisema, "Mimi mfalme, nisaidieni kujikuna!" Na Simba, ambaye alikuwa amekwenda kunywa maji, mzima wa afya na tumbo limejaa, alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo.

"Endelea, mtani," Simba akasema. "Umefikia nilipokufa."

Soko zima lilicheka. Kunguru akasema shemeji walitawanyika, lakini Fisi alikamatwa. Akasema pia kwamba Simba hakumpiga papo hapo. Walizungumza kwanza, kwa sauti ya chini, mazungumzo marefu kidogo, Fisi ameshika sikio lake na kuonyesha shingo. Kunguru hakuyasikia. Baada ya hapo, pwaa, Fisi akawa hadithi.

Nani aliyejali walizungumza nini? Fisi amekufa! Bi Pimbi alipoletewa habari alikaa chini akalia upya, lakini kilio kile kilikuwa na mapumziko ndani yake. Wanyama walicheza ngoma. Hawakujua kwamba wa kusifiwa ni Bi Digidigi, kiumbe asiyefika goti la Nyati, aliyempeleka Fisi kaburini kwa mdomo wake mwenyewe.

Na sasa, wanangu, ule ujinga wa pili. Ningependa kuwaambia ulifanywa na Nyati, mwenye kichwa kigumu. Hapana. Ulifanywa na mwerevu wetu.

Njiani kurudi, Bi Digidigi alikuwa amekumbatia gome la dawa, moyo umejaa, na furaha haijui kukaa kimya. Nyumba ya Fisi waliipita imefungwa. Kupe walikuwa bado shingoni kwa Nyati, naye aliwaona. Lakini alijiambia, mwenye kuwasikiliza amekufa, watampelekea nani? Akamfungulia Nyati kifua chake. Akamwambia aliyekuwa akiumwa si Simba, ni mwanawe Siwatu. Akamweleza alivyobuni hila ile. Akamtajia hata kibanda chao, chini ya mgunga uliopasuka, ili siku moja Nyati apite anywe maji. Nyati alicheka sana, shingo ikatikisika.

Siwatu alikunywa dawa. Akatoka jasho, akalala, akaamka akiomba uji. Mama yake alimpa kijiko kwa kijiko, anaimba.

Siku zilizofuata, mambo ya ajabu yalionekana Mbigirini. Nyati alipita mwembamba. Kibanda hakipo, ngoma haipo, Kasuku na Tumbili wameshushwa. Punda Milia na Kongoni nao wakawa na hatamu mpya za ngozi nzuri. Ilisemwa kwamba Mfalme Simba, kwa huruma yake, ameamuru raia wabebwe bila usumbufu. Safari ikawa pyuu kama zamani. Wanyama wakapanda kwa wingi kuliko mwanzo, wakamsifu mfalme, na hakuna aliyepekua shingo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akicheleweshwa tena.

Asubuhi moja Nyati akasimama chini ya mgunga uliopasuka. Bi Digidigi alitoka kwa furaha kumkaribisha maji, lakini Nyati hakumtazama machoni.

"Nimetumwa," akasema. "Mfalme anakusalimu. Anasema amefurahi Siwatu amepona."

Bi Digidigi akaiweka kata ya maji chini.

"Mfalme amemjuaje Siwatu?"

Nyati aliinamisha kichwa, shingo ikafunuka. Shingoni mwake, kwenye mikunjo ileile, kupe walikuwa wengi kuliko zamani, wanene, wametulia. Ndipo Bi Digidigi alipoyasikia, kana kwamba yanasemwa wakati ule, yale maneno ya chini ambayo Kunguru hakuyasikia. Fisi alikuwa akinunua uhai wake kwa siri ya kupe, na Simba aliipokea siri na asimpe uhai.

"Anasema pia," Nyati akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya, "utani wako kuhusu ugonjwa wake ulimfurahisha. Atakuja mwenyewe kuurudisha. Ameniuliza migunga iliyopasuka ni mingapi upande huu."

"Nawe ukamjibu?"

"Mimi sikujibu, shemeji. Alijua tayari. Alitaka kuona kama nitasema kweli."

Bi Digidigi hakumlaani, wala hakulia. Alimfunga Siwatu ubavuni, akazunguka nyuma ya nyumba, akajitosa kwenye miiba kwa miguu yake mwenyewe. Hakuijua njia, lakini hapakuwa na mgongo uliobaki wa kupanda. Nyati alisimama akisikiliza vijiti vikivunjika, kacha, kacha, mpaka vikanyamaza, kisha akarudi kupakia abiria. Kama walifika ng'ambo au waliishia mle, aliyenipa hadithi hii hakuniambia, nami sitawadanganya.

Nanyi mjue: kuhama mgongo bila kung'oa kupe ni kubadili jina la anayekunyonya.